Sanduku Moja, Funguo Mbili

Kilosa,
Jumamosi, 8 Juni 2002

Lekishon rafiki yangu,

Mimi sijambo na Mama hajambo. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo barua zinavyoanza, si kwa sababu nimemwuliza.

Barua yako ilifika ikiwa imefunguliwa. Unajua sisi hatuna sanduku la posta. Tunatumia la Mjomba Kasian na ufunguo anao yeye. Alinisubiri mlangoni ameshika bahasha kama mtu aliyekamata kuku wa jirani.

"Huyu L. ni nani?"

Nilitaja jina la kwanza lililonijia: Doreen.

"Doreen na L. wapi na wapi?"

Nikasema L. ni la ukoo. Alicheka mpaka akakohoa. Yale maneno yako, kwamba una jambo la kuniambia ila si la kuandika kwenye karatasi, aliyasoma kwa sauti, mbele ya Mama. "Kijana," akasema, "msichana akikuambia ana jambo lisilofaa karatasi, anza kutafuta hela ya nepi." Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

Kwa hiyo umesalimika, ila umekuwa msichana. Tafadhali tia sahihi ya Doreen kuanzia sasa. Sitanii. Mjomba yumo kwenye kamati ya wakulima, na kwenye mkutano alisema kwamba atakayeonekana anawasiliana na wafugaji atahesabiwa kuwa ndiye aliyewaonyesha njia siku ya vurugu. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na kitabu changu.

Tangu kaka Evance alipokwenda shambani siku ile ya vurugu, Januari, na asirudi, Mama hajakubali tukae matanga. Watu walitafuta hadi mtoni wakachoka. Padri alikuja akasema marehemu wanahitaji sala. Mama akamwuliza, "Shikamoo, Baba. Nani kakuambia ni marehemu?" Padri akanywa chai akaondoka. Kila Jumamosi Mama analifua lile koti la jeans la mtumba la Evance, analianika, analikunja, analirudisha msumarini. Hata leo limeanikwa. Mimi nalitazama na sijisikii chochote, na hilo ndilo linalonishangaza.

Kama jambo lako ni la Evance, andika "ndiyo" tu. Usiongeze neno.

Lile duka la ushirika lililofungwa limekodishwa na mtu anaitwa Onesphory. Ameweka kompyuta mbili na laini ya simu. Nitakwenda kuuliza habari za barua pepe. Barua hii anakuletea Bi Mwanakheri wa vitunguu, ambaye hajui kusoma na hapendi umbea. Ukimaliza, ichome.

Rafiki yako,
Ditram


Mikumi,
16 Juni 2002

Mpenzi Ditram,

Ndiyo.

Mimi Doreen ni mzima. Kazi yangu ya kulinda geti na kumwagilia maua hapa nyumba ya wageni inaendelea. Wageni wanakuja kutazama wanyama, wanapiga picha tembo, halafu wanarudi na kunipiga picha mimi. Mjomba wako asishangae, mimi ni mrembo.

Mapokezini kuna kompyuta ya wageni. Anaitunza dada Loveth, binti wa watu wa Kyela, mkali lakini si mbaya. Mchana wageni wakiwa mbugani ananiruhusu nikae. Nimeshajua kuandika jina langu kwa vidole viwili na kuwasha na kuzima. Anasema barua pepe unaweza kuifungulia Mikumi au Ulaya, ni ileile. Nimemwuliza nani anaisoma kabla yako. Akasema, "Mwenye neno la siri tu."

Kwenu mama hajambo? Mpe shikamoo, lakini usimwambie ya nani.

Wako,
Doreen


Kilosa,
Jumapili, 30 Juni 2002

Doreen,

Nimelisoma lile neno lako moja mara nyingi. Halikuongezeka.

Sasa nisikilize, kwa maana nimefanya utafiti. Nilikwenda kwa Onesphory baada ya shule. Anasema njia ziko tatu.

Ya kwanza ni kutumia anwani ya duka. Barua ikija anaichapa, anatoka barazani, na anaita jina lako mpaka wauza mkaa wakusaidie kuitikia. Juzi aliita, "Agnesi! Mumeo kasema harudi Krismasi!" na huyo Agnesi bado alikuwa ng'ambo ya reli.

Ya pili ni yeye akufungulie anwani yako mwenyewe na akuwekee neno la siri. Nilimwuliza neno hilo huwa lipi. Akasema huwapa wote lilelile, "kilosa", ili wakisahau awakumbushe. Nikamwambia, "Shikamoo kaka, lakini hapo siri iko wapi?" Akanitazama kwa huruma. "Mdogo wangu, siri ni kwamba hawaambiani." Kwa hiyo neno la siri la mji mzima ni moja, na kila mtu anadhani ni lake.

Ya tatu ni kujifungulia mwenyewe kwenye zile za bure za Marekani. Onesphory anasema hiyo si salama kwa sababu mashine zenyewe ziko mbali na mtu hawezi kwenda kulalamika. Nililifikiria hili siku kadhaa. Wamarekani wakitaka kusoma watasoma, sina la kuwafanya. Lakini hawamjui Mjomba Kasian. Afadhali anisome mtu asiyejua reli ya Kilosa iko upande gani. Nimechagua ya tatu.

Nilipofungua, Onesphory alisimama mgongoni kwangu. Nikamwomba aondoke. Nimeona aibu kumwambia mtu mzima vile, lakini aliondoka. Usiweke tiki kwenye kisanduku kinachosema kompyuta ikukumbuke, isikukumbuke. Na ukimaliza hakikisha umetoka, usizime kioo tu.

Nimefungua anwani moja kwa ajili yetu wote wawili. Onesphory anasema kila mtu huwa na yake, lakini sioni maana. Shule nzima ina sanduku moja posta, parokia nzima ina moja. Sisi tutakuwa na sanduku moja na funguo mbili. Ukiandika, unajitumia mwenyewe, na mimi nikifungua naikuta. Haitoki nje hata hatua moja. Jina lake ni dawatilamwisho, yote kwa pamoja. Nadhani hujasahau tulikokaa.

Kulikuwa na fomu ndefu ya Kiingereza. Kuna swali linauliza jina la mnyama wako wa kwanza. Wewe ungejaza ukurasa. Mimi sijawahi kuwa hata na paka, nikaandika la fahali wako. Nikakumbuka siku ya fomu za mtihani wa Kidato cha Pili, mwalimu alipokuuliza jina la baba yako kwa sauti, ukanyamaza, akadhani ni kiburi, akakuchapa mbele ya darasa. Baadaye ukaniambia kwamba kwenu mtu akishakufa jina lake halitajwi tena, ukanipa fomu nikuandikie mimi. Nilikuandikia vizuri, herufi kubwa.

Neno la siri halipaswi kuandikwa kwenye karatasi, kwa hiyo nakupa fumbo. Ni jina la yule aliyetufundisha baiskeli Kimamba, kwenye barabara ya mashamba ya mkonge, akatushika wote wawili kiti kimoja huku akikimbia. Herufi ndogo zote. Nilichagua hilo kwa sababu hatutalisahau, na kwa sababu nilipenda kuliandika.

Lile jambo liandike huko. Nitafungua kila Jumamosi.

Ditram


Mikumi,
7 Julai 2002

Ditram,

Nimepata barua. Asante kwa kazi yote hiyo. Fumbo nimelijua hapohapo.

Lakini sikufungua. Naomba utafute neno jingine. Vidole vyangu ni vizito, hilo linanishinda.

Doreen


Kilosa,
Jumamosi, 13 Julai 2002

Doreen,

Nilikwenda kwa Onesphory nikakuta sanduku tupu. Kulikuwa na barua moja tu, ya kampuni yenyewe, inatukaribisha. Niliisoma yote kwa sababu nilikuwa nimeshalipa.

Halafu Bi Mwanakheri akanipa yako. Usijali kuhusu vidole. Kila mtu alianza hivyo. Navunja kanuni yangu ya karatasi, lakini hata Mjomba akiisoma hii atadhani nakufundisha kuchapa. Nimechora kibao cha herufi hapo chini, nawe ufuate polepole.

Herufi ya kwanza iko mstari wa juu, jirani na W. Ya pili iko mstari wa chini kabisa, kulia kwa C. Ya tatu ni ya kwanza kushoto katika mstari wa kati, inaguswa na kidole kidogo. Ya nne iko chini, jirani na M. Ya tano ni hiyo C yenyewe. Halafu unarudi pale ulipoanzia. Ni safari ya duara. Ukiifanya mara chache, vidole vinaizoea. Mimi sasa naandika nimefumba macho.

Kioo hakitakuonyesha jina. Kitakuonyesha nyota tu, moja kwa kila herufi. Usiogope ukiona hivyo, si kosa lako.

Tafadhali, Doreen. Mama ameanza kuuza. Ameuza baiskeli, ila mnunuzi ameambiwa kwamba mwenyewe akirudi atairudisha. Mnunuzi amekubali. Watu wanamkubalia kila kitu sasa, na hilo ni baya kuliko kama wangembishia. Mjomba anataka koti lile alivae yeye, anasema linaozea kwenye sabuni. Mama alimwambia, "Subiri mwenyewe akupe." Mimi nilikuwepo. Niliendelea kula.

Nataka kujua kitu kimoja tu, ili nijue niwe nani ndani ya nyumba hii: mtu anayengoja au mtu aliyefiwa. Siwezi kuwa wote wawili, naona ndiyo maana nimekuwa si yeyote.

Ditram


Mikumi,
28 Julai 2002

Ditram,

Nimekaa na barua yako muda mrefu kuliko ilivyostahili. Nisamehe. Bi Mwanakheri alipita nikamwambia sina barua, akapita tena nikamwambia vilevile. Leo kasema, "Mwanangu, vitunguu vyenyewe vinaoza nikingoja."

Mchoro wako ni mzuri. Lakini herufi nazijua ziko wapi. Nilikwambia tangu mwanzo kwamba jina langu naliandika. Dada Loveth alinifungulia ukurasa, akageuka ukutani ili nisione haya, akangoja. Niliweka kidole juu ya ile ya kwanza. Nilikiweka tu. Dada Loveth akauliza, "Tayari?" Nikamwambia kompyuta imekwama.

Ningeweza kusema huyo ni mtu wa kwenu, si wa kwetu, na mila yetu haimhusu. Lakini mimi nilikula kwenu. Na alikishika kile kiti cha baiskeli.

Tafuta neno jingine, Ditram. Kama hulipati, tumia la mdogo wangu wa kike, yule mwenye pengo aliyekuwa anakuvuta miwani. Ameota meno sasa. Anachunga mbuzi.

Tuweke jina la mtu aliye hai.

Doreen


Kutoka: dawatilamwisho
Kwenda: dawatilamwisho
Jumamosi, 10 Agosti 2002

Lekishon,

Nimebadilisha. Ni la mdogo wako, nalangu, herufi ndogo. Kama unasoma hapa ina maana umeweza.

Kubadilisha, kompyuta inakutaka uandike kwanza neno la zamani, halafu jipya mara mbili. Niliandika la zamani. Zikaja nyota sita. Nikakaa nikizitazama mpaka Onesphory akaniuliza kama mtandao umekatika. Nikasema ndiyo.

Nilipoisoma barua yako nilikuwa nimesimama sokoni na Bi Mwanakheri. Nilimwuliza vitunguu vya Malolo vimepanda bei au vimeshuka. Akaniambia. Nikamwuliza tena, akaniambia tena, halafu akanishika mkono na kunikalisha kwenye gunia. Sikulia. Nilikuwa nawaza kwamba nilikuchorea kibao cha herufi. Nilikuelekeza herufi baada ya herufi, nikakwambia usiogope.

Siku ya fomu nilikuwepo. Nilipaswa kukumbuka kuliko mtu yeyote. Nilikumbuka hata nikakuandikia habari zake, na bado sikuona.

Sitakuuliza ni nani aliyefanya. Nimeshafikiri na nimeamua, na sitabadilika. Nikijua nani, Mjomba atalitoa hilo jina kwangu, na baada ya hapo vurugu zitaanza upya. Niambie wapi tu.

Ditram


Kutoka: dawatilamwisho
Kwenda: dawatilamwisho
14 Agosti 2002

Ditram. Naandika mwenyewe kidole kimoja. Loveth yuko nje.

Fuata reli kupita Munisagara. Kuna korongo ambalo treni inapita juu yake. Shuka upande wa kushoto. Kuna nguzo za zege za zamani za kuanikia mkonge, moja imelala. Nyuma ya iliyolala kuna mawe. Mawe nilipanga mimi.

Mimi nilifika mambo yakiwa yamekwisha. Nilikuwa natafuta ndama. Sikuwa na jembe, nilichimba kwa fimbo na mikono, si kirefu. Kwetu zamani hatukuzika watu wote, lakini niliona kwenu mkimzika bibi yako, nikafanya vile. Kichwa nililaza mlivyolaza ninyi. Nilimfunika na shuka langu, lile jekundu la mistari. Sala sikujua hata moja nikasema ile ya shuleni, ya kabla ya kula.

Nilitaka kuja kwenu siku ileile. Wazee walituhamisha kabla hakujakucha.

Lekishon


Kutoka: dawatilamwisho
Kwenda: dawatilamwisho
Jumamosi, 28 Septemba 2002

Lekishon,

Sikuandika mapema kwa sababu nyumba ilikuwa na watu. Sasa wameondoka.

Nilimwambia Mama siku iliyofuata baada ya kuisoma barua yako. Alikuwa na koti kwenye beseni. Nilikuwa nimejiandalia maneno kama kwenye mdahalo, lakini nilipofika nikasema, "Mama, nimejua aliko. Ni kwenye korongo." Aliendelea kusugua kola mpaka ikatakata. Akalikamua, akalianika vizuri. Kisha akasema, "Toeni vitanda nje."

Ndivyo tunavyofanya penye msiba. Vitanda na viti hutolewa ili watu wakae chini kwenye mikeka. Nilibeba kitanda cha Evance peke yangu. Ni chepesi kuliko nilivyodhani.

Mjomba Kasian alikuja mbio. "Nani kasema? Nani kaona?" Kamati nzima ilikuwa uani. Mimi nilikuwa nimeshikilia ubao wa kitanda, nikasema, "Nimeambiwa na Doreen."

"Doreen wako? Yeye kajuaje?"

Hapo Mama akasema kutoka kwenye mkeka, bila kupandisha sauti, "Kasian, umekuja kuchimba au umekuja kuuliza? Majembe yako pale." Watu wakachukua majembe. Hakuna aliyeuliza tena, maana mfiwa habishiwi.

Tuliyakuta mawe. Padri alikuja akasali, na mwanzoni nilidhani ningekwambia sala ipi, lakini sikumsikiliza. Nilikuwa nasema ile yako ya kabla ya kula. Mama alikataza shuka lisitolewe. Mjomba alipoliona akanitazama, akaangalia pembeni. Sijui anajua nini. Hajaniuliza. Lakini tangu siku ile ufunguo wa sanduku la posta ameuacha mezani kwetu.

Leo tumefanya arobaini. Tulihesabu kuanzia siku ya kuzika, kwa sababu ile nyingine hatukuwa nayo. Nguo za marehemu ziligawiwa kama kawaida. Viatu nimepewa mimi, vinanipwaya. Suruali zimekwenda kwa binamu zetu wa Kimamba. Mjomba alikaa karibu na msumari wenye koti, akingoja.

Mama akalishusha, akalikunja, akaliweka mapajani.

"Hili ni la Doreen," akasema.

Watu wakatazamana. Mjomba akasema taratibu, kama mtu anayemsaidia mgonjwa, "Dada, hilo koti ni la kiume. Msichana atalivaaje?"

"Mikumi kuna baridi asubuhi," Mama akasema. "Na shuka lake amelitoa."

Analileta Bi Mwanakheri Jumanne, ndani ya gunia la vitunguu. Mikono inaweza kuwa mifupi kwako. Limefuliwa.

Ditram